Rangi ya Kijani Iliyomwangukia Feza

Kwa nini Mama Feza hakunipiga? Nilijiuliza hivyo siku ile nikiwa nimejificha nyuma ya ukumbi wa parokia, mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha jenereta, na sikupata jibu, kwa sababu wengine wote waliokuwa ndani walitaka kunipiga na walikuwa na haki, na yeye peke yake, aliyekuwa na haki kuliko wote, aliniambia aksanti. Naona aibu kuieleza habari hii hata leo. Nikiwa na marafiki huwa naifupisha, nasema tu kwamba kompyuta iliwahi kunivua nguo mbele ya watu, tunacheka, tunahamia habari nyingine. Basi leo siifupishi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, watu wa barabara ya Niemba walipokuwa wakiingia Kalemie kila siku na magodoro kichwani na masufuria mgongoni, na katika kukimbia huko watoto walipotea, maana risasi zikilia mtu anashika mkono ulio karibu, na mkono ulio karibu si lazima uwe wa mtoto wake. Mimi nilikuwa msichana aliyerudi kutoka Lubumbashi na diploma yangu ya informatiki, sina kazi, nina laptopu moja na maswali mengi. (Mama yangu alizoea kusema kwamba wazazi wengine walilipa minerval, ada ya shule, wakapata daktari, yeye alilipa akapata mpelelezi.) Kwa kuwa nilikuwa nakaa bure nikiwachosha watu nyumbani, shangazi yangu alinipeleka kwenye komite ndogo ya mtaa iliyokuwa inaandika majina ya watoto waliopotea na kuwatafutia wazazi wao.

Komite, kusema kweli, ilikuwa Papa Hamisi na kitabu chake. Papa Hamisi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa zile familia za Waislamu ambao babu zao walifika hapa na biashara ya ziwa, na alifanya kazi yake ndani ya ukumbi wa Wakatoliki bila mtu yeyote kuona ajabu isipokuwa mimi. Kila Alhamisi asubuhi alisimama mbele na kitabu, akasoma: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kijiji, halafu neno moja. Kama mtoto amepatikana alisema "amepatikana," na familia ikaenda mezani kuelezwa yuko wapi. Kama hajapatikana alisema "bado," na familia ikajibu kutoka pale ilipokaa, "Tuko." Basi. Bado, tuko. Bado, tuko. Saa tatu nzima. Habari ya kifo haikusomwa kamwe ukumbini. Hiyo alikwenda nayo mwenyewe nyumbani kwa wenyewe, akakaa kwanza, akaomba maji ya kunywa, ndipo akasema.

Mimi, bila shaka, nilikuwa na maswali. Kwa nini saa tatu? Kwa nini kusoma "bado" kwa watu wanaojua vizuri kabisa kwamba ni bado? Kwa nini kijiji kitajwe, na kesho watu wagombane kwa sababu ya kijiji? Na ndani ya kitabu kulikuwa na kitu kingine kilichonikera, nukta ndogo za wino pembeni mwa majina machache, manne au matano hivi.

"Papa, hii nukta ni ya nini?"

"Kalamu ilipumuzika."

"Kwa majina matano tu?"

"Kalamu nayo inachoka mahali inachoka, mwanangu. Andika majina."

Niliandika majina. Nilimwambia kwamba nitamtengenezea jedwali, kwamba litawashwa kwenye televisheni kubwa ya parokia, kila mtu ataona jina lake mwenyewe kwa macho yake mwenyewe, na sauti yake (ambayo kweli ilikuwa imeanza kukauka, alikohoa kila baada ya majina kumi) itapumzika. Hakubishana. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema mno, akasema, "Jaribu."

Jedwali lilikuwa zuri. Nalisema kwa uchungu lakini nalisema. Lilikuwa ukurasa unaofunguka ndani ya kivinjari, hata bila intaneti, na safu ya jina la ukoo, safu ya mtoto, baba, mama, kijiji, na mwishoni safu ya hali, yenye lile neno, amepatikana au bado. Familia yenye watoto wawili au watatu niliiwekea kisanduku kimoja kirefu cha ukoo kinachoshika mistari yao yote, ili jina lisirudiwerudiwe. Watoto waliokwisha kurudi kwao sikuwafuta, niliificha tu mistari yao, maana nilikuwa najivunia utaratibu: usifute kitu, huenda utakihitaji. Nukta hazikuwa na safu, nikaziacha.

Jumatano niligundua kwamba televisheni ya parokia ni nyembamba kuliko nilivyodhani na kwamba safu ya mwisho itakatika. Ningeweza kupunguza ukubwa wa maandishi. Ningeweza kuondoa kijiji, ambacho nilikuwa sikipendi. Badala yake niliiondoa safu ya hali, ile yenye neno, na mahali pake nikaweka rangi: mstari wa aliyepatikana uwe wa kijani, wengine wote wabaki weupe. Ilinichukua kama dakika kumi. Ilipendeza. Tena nilijipa na sababu ya wema, kwamba wengi pale hawajui kusoma na rangi inasomwa na kila mtu. Nikaiangalia kwenye laptopu yangu, kijani kilikaa pale pale nilipokiweka, nikafunga. Kwenda parokia kuijaribu kwenye kompyuta ya pale, ile ya zamani iliyounganishwa na televisheni, ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu, na jua halikuwa kali, na mvua haikunyesha, na sina kisingizio chochote isipokuwa kwamba shangazi alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na samaki wa mikebuka.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Jenereta ikawashwa, televisheni ikang'aa, nikasimama pembeni na kijiti kama mwalimu, nikaeleza: kijani, amepatikana, nenda mezani kwa Papa Hamisi, nyeupe, rudi nyumbani mpaka Alhamisi ijayo, hakuna haja ya kungoja. Papa mmoja mfupi wa Manono, Papa Kitenge, aliyekuwa anamtafuta mtoto wa dada yake aitwaye Ilunga, alikuja mpaka karibu na kioo akaweka kidole kwenye jina.

"Huyu njo wa kwetu. Ni nyeupe?"

"Ni nyeupe, Papa."

"Basi ni bado?"

"Ni nyeupe," nikasema, kama vile hilo lilikuwa jibu bora zaidi, na akavaa kofia yake akatoka.

Mstari uliofuata, chini ya Ilunga, ulikuwa wa kijani. Jina lilikuwa Feza.

Aliyeliona kwanza ni Papa Feza, baba wa mtoto, mvuvi aliyekuwa Ankoro vita vilipofika kwao, akaja kumkuta mkewe Kalemie peke yake. Kwa Alhamisi nyingi nilikuwa nimemwona amekaa benchi la tatu na mkewe, anasikiliza "bado" kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira wa timu dhaifu anayoipenda. Alisimama juu ya benchi. Hakupiga kelele, alisema tu jina la binti yake kwa sauti ya kawaida, mara mbili, kisha akashuka na kuanza kuwashika watu mikono, mmoja mmoja, akiwaonyesha kioo, na kina mama wakapiga vigelegele, na wanakwaya waliokuwa wakisubiri zamu ya mazoezi wakaleta ngoma, na nikasimama katikati ya kelele zile nikiwa na kijiti changu nikijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni, kwamba nina faida duniani.

Mama Feza alibaki amekaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na nilimfuata pale kwenye benchi kwa sababu nilitaka kuiona furaha yake kwa karibu (ndiyo, nilikuwa hivyo). Aliniuliza, "Nani alimuona?"

"Mama, imeandikwa pale."

"Walimuokota wapi? Kwa barabara?"

"Papa Hamisi atakueleza yote mezani."

"Anapumua muzuri?"

Nilicheka kidogo. Nikamwambia kwamba mtoto akipatikana bila shaka anapumua. Alikuwa anaitazama mikono yake, aliigeuza ndani na nje, na kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka mguuni bila yeye kujua. Akasema, "Weye una hakika?" Na mimi, mtu wa maswali, niliyewauliza mapadri kuhusu mbinguni na maprofesa kuhusu alama zao, mimi nilimjibu Mama Feza nikinyoosha kijiti kwenye kompyuta: "Mama, ordinateri haina sababu ya kudanganya."

Wakambeba mpaka mezani, yeye na mumewe, kwa ngoma. Papa Hamisi akafungua kitabu, akapeleka kidole chini polepole, kidole kikasimama. Ngoma zilichukua muda kunyamaza, maana walio nyuma hawakuona uso wake.

"Madmwazeli, kuja hapa," akaniita.

Nilikwenda. Kitabuni, mbele ya Ilunga, kulikuwa kumeandikwa amepatikana. Mbele ya Feza hakukuwa na kitu, ila ile nukta. Nikasema haiwezekani, nikafungua laptopu yangu mbele ya wote: Ilunga kijani, Feza nyeupe. Tukageuka wote kutazama televisheni: Ilunga nyeupe, Feza kijani. Jedwali lile lile, maandishi yale yale, herufi kwa herufi. Nikakimbilia kompyuta ya zamani nikausukuma ukurasa juu na chini, kama mtu anayempiga mgonjwa kofi ili azinduke, na hapo ndipo kijani kiliporuka. Kilimwacha Feza kikampanda Ilunga. Watu wakaguna. Nikasukuma tena, kikarudi kwa Feza. Nikasukuma tena, kikapasuka, nusu kwa Feza na nusu kwa msichana wa tatu ambaye hakuna mtu aliyekuwa amepata habari zake tangu mwanzo wa vita, na nyanya yake alikuwa amekaa mbele kabisa.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Rusha tena, madmwazeli, pengine itaangukia wangu."

Wachache wakacheka. Halafu hakuna aliyecheka.

Nikaanza kueleza. Mungu anisamehe, nilieleza. Nilisema kwamba si kosa la jedwali, ni kosa la kivinjari, kwamba kile cha laptopu ni kipya na hiki ni cha zamani, kwamba rangi nimeiandika mahali pake na hiki ndicho kinachoipaka mahali pengine. Nilitaka hata kuwaonyesha nilivyoandika. Papa Feza alinisikiliza mpaka mwisho, na hicho ndicho kinachoniuma, alinisikiliza kama mtu anayeamini kwamba mwisho wa maelezo nitamrudishia mtoto.

"Sasa Feza iko wapi?" akauliza.

"Papa, Feza hajapatikana. Ni rangi tu."

"Rangi tu." Akawageukia watu. "Munasikia? Ni rangi tu." Kisha akanirudia, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Batoto ya batu njo muchezo yako?"

Aliinua mkono. Papa Hamisi aliingia katikati, na kitabu chake kikaanguka. Mtu alinimwagia maji, mwingine akaning'oa kijiti mkononi akakivunja vipande viwili akanirudishia vyote viwili kwa adabu kabisa. Papa Kitenge, aliyeitwa njiani na watu, aliingia wakati huo huo, akaambiwa kwamba Ilunga wake amepatikana kweli, na badala ya kufurahi alisimama akanitazama. "Miye uliniambia nirudi nyumba. Kama wasingenifuata?" Akavua kofia yake. "Uliniambia nyeupe," akasema. "Nilikuuliza kama ni bado, ukaniambia nyeupe."

Ndipo Mama Feza alipokuja. Watu walimpisha. Alikuwa bado na kiatu kimoja. Nilifumba macho nikangoja, na sitasema kwamba nilikuwa jasiri, nilifumba macho kwa woga.

"Sema ile neno," akasema.

"Neno gani, Mama?"

"Ile ya Papa Hamisi. Ya kila Alhamisi."

Nikafungua macho. Nilisema, "Bado."

"Mutoto wangu hajapatikana."

"Hajapatikana, Mama. Bado."

"Tuko," akajibu. Akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo, akakaza kitenge chake kiunoni, akanishika bega. "Aksanti, mwanangu." Kisha akamchukua mumewe kwa mkono wakatoka, na mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajificha pale kwenye jenereta na lile swali langu.

Nilitumia wiki mbili kuutafuta ugonjwa wa jedwali lile, si kwa sababu ulikuwa na maana tena, ila kwa sababu sikujua kufanya kingine. Kivinjari cha zamani kilikuwa kinauhesabu ule mstari niliouficha. Ilunga alikuwa na dada yake aliyekwisha kurudishwa kwao; nilimficha, sikumfuta, na kisanduku kirefu cha ukoo wao kiliwashika wote wawili; basi kivinjari kilipofika kupaka rangi kilikosea hesabu, kikashuka mstari mmoja chini, nje ya familia ile, juu ya jina lililofuata. Siku nilipopata intaneti mjini nilikuta kwamba kosa hilo lilikuwa linajulikana siku nyingi. Watu wa mbali walikwisha kulilalamikia, mmoja alikuwa amelalamika kwamba linaharibu uzuri wa ratiba yake ya mazoezi, na lilikuwa limerekebishwa katika toleo jipya ambalo kompyuta ya parokia haikuwahi kulisikia. Nilisoma malalamiko yale yote. Uzuri wa ratiba. Nikafunga.

Papa Hamisi hakunifukuza. Alhamisi iliyofuata alisimama tena na kitabu, televisheni ikafunikwa kitambaa cha altareni, na akasoma majina kwa saa tatu na kikohozi chake, na mimi nikapewa kazi ya kumshikia glasi ya maji. Nilimwomba msamaha mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja: "Ulikuwa unauliza sana. Siku ile ungeuliza mara moja zaidi." Tangu hapo nimeapa mambo mawili na nimeyashika: kitu ambacho mtu atakiamini kwa ajili ya mtoto wake sikionyeshi kwa rangi bila neno, na sisemi tena kwamba mashine haina sababu ya kudanganya. Haihitaji sababu.

Miaka ilipita. Papa Hamisi alifariki, kitabu chake sijui kiko kwa nani. Nilikwenda Mpala kwa kazi nyingine kabisa, na huko, nyuma ya misheni, nikamkuta Mama Feza anaanika ndagala, dagaa wa ziwa, kwenye mchanga. Alinitambua kabla sijamtambua. Aliniita kwa jina la zamani, madmwazeli wa ordinateri, akacheka, akanipa mahali pa kukaa. Mumewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa mwaka uliotangulia. Tuliongea habari za samaki na bei ya chumvi mpaka nikashindwa kujizuia, nikamuuliza swali langu, kwa nini hakunipiga, na aliendelea kugeuza ndagala huku akinijibu, bila haraka, akichambua zile zilizovunjika.

Papa Hamisi alijua tangu siku ya kwanza. Ile nukta ilikuwa yake: ilimaanisha huyu asitafutwe, asomwe tu. Feza alikufa kwa homa siku ya tatu ya kukimbia, kabla ya Niemba, na mama yake alimzika mwenyewe kando ya barabara, kwa mikono, kwa haraka, maana wengine walikuwa wanaondoka na risasi zilikuwa nyuma. Mumewe alipofika kutoka Ankoro na kumuuliza mtoto yuko wapi, alikosa kinywa cha kusema, akasema amepotea. Na kila Alhamisi alikuja ukumbini kuazima neno moja, ili mumewe abaki na binti kwa wiki moja zaidi.

Na siku ile kijani kilipoanguka juu ya jina la Feza, yeye hakusikia kwamba mtoto wake amepatikana. Alisikia kwamba alimzika akiwa anapumua.